Kunde Nilizokaa Nazo

Asubuhi hiyo niliondoka Majengo bila kujua ninaenda wapi. Nilijua tu kwamba ni lazima nitoke, kwa sababu jana yake nilimwambia mama kwa simu, "Niko njiani," na nilipokata simu nikajiona jinsi nilivyokaa: juu ya kitanda, viatu chini ya meza, bakuli mapajani. Neno hilo nilikuwa nikimwambia tangu Septemba. Sasa ilikuwa Januari. Nikaamua kwamba angalau kwa siku moja liwe kweli.

Nilikunja blanketi, nikapeleka ufunguo kwa mwenye nyumba. Ni mama mzee ambaye kila asubuhi, akishaswali, hufagia uwanja mpaka mchanga unabaki na mistari kama nywele zilizochanwa. Hakuacha kufagia.

"Unasafiri?"

"Ndiyo, mama."

"Wapi?"

"Nitajua nikifika steji."

"Basi hujasafiri, mwanangu. Umetoka tu."

Nilikanyaga mistari yake nikaenda. Begani nilikuwa na mfuko mmoja, na ndani yake shati, suruali ya kazi, kitabu kisicho na jalada kinachoeleza mambo ya nyota, na leso iliyofungwa fundo. Ndani ya leso kulikuwa na kunde za kujaa kiganja kimoja. Siku nilipokabidhiwa zilikuwa zimejaa kibuyu.

Kunde hizo zilikuwa mbegu za mama. Yeye analima upande wa Mbeere, chini ya Kiritiri, kwenye udongo mwekundu wenye mawe, mahali ambapo mvua huja mara mbili kwa mwaka ikitaka. Miaka yote tangu niwe na akili alikuwa na aina moja tu ya kunde, zile ambazo kwetu huitwa nthoroko: ndogo, za rangi ya kutu, zenye jicho jeusi. Alizipata kwa mama yake. Hazitambai sana, hazisumbuliwi na jua, na majani yake hayana uchungu. Halafu kukaja misimu miwili mvua ikakataa. Msimu wa kwanza alipanda zikaungua ardhini. Msimu wa pili alizipika zile zilizobaki, kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kupika. Alipojaribu zile za dukani zilimpa majani makubwa kama sahani, na maganda ya kuhesabu.

Akamkumbuka dada yake mkubwa. Huyo aliolewa upande wa Meru, mteremko wa chini kupita Mitunguu, na siku alipoondoka nyumbani, kabla mimi sijazaliwa, alienda na kunde hizo hizo. Mama akanituma mimi. Hakuzunguka katika kuniambia sababu.

"Wewe ndiye huna kitu kinachokushika," alisema.

Mama mkubwa alinipokea vizuri, akanilaza siku moja, na asubuhi akaniita jikoni. Jiko lake lilikuwa jeusi mpaka darini. Alinyoosha mkono juu ya moto akakitungua kibuyu kilichokuwa kikining'inia pale, cheusi kama chungu, akakipangusa kwa khanga yake.

"Nimezichanganya na majivu," alisema. "Ukifika umwambie mama yako azitundike juu ya moshi mpaka siku ya kupanda. Usiziweke kwenye nailoni. Zitatoka jasho zioze."

"Sawa, mama mkubwa. As—"

Alinifunga mdomo kwa mkono. Kweli kabisa, aliniwekea kiganja mdomoni, kikinuka moshi.

"Usiniambie hilo neno. Kwetu mbegu haishukuriwi ikiwa mkononi. Utaniambia zikiota."

"Na zisipoota?"

"Basi utakuwa huna la kuniambia."

Nilicheka, naye akacheka, nikaondoka.

Kutoka kwake mpaka kwa mama si mbali. Unashuka kupitia Ishiara, na ukiondoka asubuhi unakula chakula cha mchana nyumbani. Naliandika hili makusudi ili ieleweke kwamba hakuna kilichonizuia. Nilisimama njia panda na kibuyu changu. Gari la Ishiara halikuwa limefika. Lori la ndizi lilikuwa linapanda Meru, na kijana wa kupakia alinieleza kwamba kule Nchiru, karibu na chuo kikuu, wanajenga hosteli nyingi kiasi kwamba wanatafuta watu wa mkono kila siku. Tena ndani ya chuo, alisema, kuna chumba chenye nyoka wa kila aina, wametiwa kwenye chupa, unaweza kuwatazama macho kwa macho.

Ni hao nyoka walionishika. Nilijiambia siku mbili. Mvua iko mbali, mwezi mzima. Nikapanda juu ya ndizi.

Watu wanaoahirisha mambo hufikiriwa kuwa ni wavivu wa kulala. Mimi silali. Mimi huwa na shughuli kutoka alfajiri, ila si ile niliyotumwa. Nilitoka shule darasa la saba. Wengi hudhani karo ilikosekana au nilifukuzwa, na mimi huwaacha wadhani hivyo. Ukweli ni kwamba njiani kwenda shule kulikuwa na watu wanachimba kisima, nikasimama kutazama udongo unavyobadilika rangi kadiri wanavyoshuka. Nilitazama wiki nzima. Nikasema nitarudi darasani Jumatatu. Ile Jumatatu mpaka leo sijaifikia.

Nchiru nilipata kazi siku hiyo hiyo, kuchanganya saruji na kubeba mawe. Nyoka sikuwaona. Kila siku nilisema nitaenda nikitoka kazini, na mpaka nilipohama sikuwa nimefika hata kwenye geti la chuo. Nilipata chumba kidogo nyuma ya vibanda, ukuta mmoja na chumba cha mwanafunzi mmoja wa kilimo. Sote tulipika kwa gesi. Hapakuwa na moshi wa kutundikia kitu chochote. Nikapigilia msumari ukutani nikakining'iniza kibuyu hapo, juu ya mtungi wa gesi, nikaona nimetimiza.

Mama alipiga simu mwishoni mwa Septemba. Kwetu tunazungumza Kimbeere, na mama ana namna ya kuuliza jambo kama anauliza hali ya hewa.

"Umefika wapi?"

"Niko njiani."

"Njia gani hiyo? Ya Sudan?"

"Nimepata kakazi kidogo huku Meru, mama. Nakuja."

"Kunde ni nzima?"

"Ni nzima."

Siku hiyo sikudanganya. Zilikuwa nzima.

Alipiga tena mvua ilipoanza. Nilikuwa juu ya ngazi, na kule Nchiru pia ilikuwa inanyesha, kwa hiyo nilijua anachotaka kusema kabla hajasema.

"Imeshuka. Jana na leo. Udongo umelowa mpaka hapa kwenye kifundo."

"Nakuja wiki hii, mama."

"Mtama nimepanda na ndengu nimepanda. Kile kipande cha juu, pale kwenye mgunga, nimekiacha. Nimekuachia wewe."

Hakusema nimeziachia kunde. Alisema wewe. Nimelifikiria neno hilo mara nyingi.

Kwa nini sikwenda wiki hiyo? Nitasema, ingawa sioni raha kulisema. Jengo letu lilikuwa limefika juu kabisa, na msimamizi alisema Jumamosi watapandisha tangi la maji mpaka darini, tangi kubwa la kuingia watu kumi wamesimama, bila mashine, kwa kamba na miti tu. Nilitaka kuona. Jumamosi kamba zilikuwa fupi. Jumamosi iliyofuata mvua iliharibu njia. Lile tangi lilikaa chini wiki tatu, na mimi nikakaa nalo. Lilipopanda mwishowe lilipanda kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, kwa namna rahisi ambayo ningeweza kuikisia. Na mvua ya kwetu huwa haingoji. Ukikosa kupanda siku zile za mwanzo, unachopanda baadaye hukutwa na kiangazi kikiwa kwenye maua.

Nilijua hayo yote. Nimekua nikiyajua. Nilikuwa nikiamka asubuhi nikitazama kibuyu, na kukitazama huko badala ya kunisukuma kukawa kunanikalisha. Kadiri nilivyochelewa ndivyo safari ilivyokuwa nzito. Siku ya kumi ningefika na kisingizio. Siku ya thelathini ningefika na uso gani? Nikawa ninangoja kitu ambacho hata leo siwezi kukitaja jina, labda siku ambayo kuchelewa kwangu kungekuwa kumesahaulika.

Mwanafunzi wa kilimo ndiye aliyewagundua fukusi. Alikuja kuazima kiberiti akasimama mbele ya kibuyu, akakisogezea sikio.

"Buda, hii kibuyu yako inaongea."

"Inasema nini?"

"Skiza."

Niliweka sikio. Kulikuwa na mlio mdogo sana, kama mtu anakunja karatasi chumba cha pili. Chini, juu ya mtungi wa gesi, kulikuwa na unga mwembamba mweupe ambao kila siku niliupangusa nikidhani ni saruji yangu.

"Hao ni wadudu wanakula mbegu kutoka ndani," alisema. "Mtu wako alikuwekea jivu, lakini jivu yote imeshuka chini. Mwaga, chekecha, weka jivu ingine leo. Na upande haraka. Mbegu iko hai, msee. Inapumua. Inazeeka tu kama sisi."

Nilifurahia sana habari hiyo ya kupumua. Nilimuuliza maswali mpaka kiberiti alichokijia akakisahau. Je, mbegu inapumua usiku na mchana? Ukiifunga kabisa inakufa kwa muda gani? Alinijibu yote. Alipoondoka nilikuwa najua mambo mengi kuhusu mbegu, na jivu nikasema nitatafuta kesho.

Kuzila nilianza na zilizotobolewa. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Nilizimwaga kwenye sinia, nikatenga zenye tundu upande mmoja, na kwa kuwa mbegu yenye tundu haioti, si vibaya kuipika. Nilichanganya na mahindi, nikachemsha githeri. Niliila nikiwa nimekaa juu ya ndoo, na ladha ikanirudisha nyumbani bila nauli. Wiki iliyofuata nikatenga tena, na wakati huu jicho langu likaanza kuona matundu mahali ambapo hayakuwepo. Nyingine nilizipika kwa sababu zilikuwa na alama. Nyingine kwa sababu zilielekea kutobolewa. Jirani yangu na mwenzake walikuja siku moja na sahani zao.

"Hii ni kunde ya wapi? Tamu hivi."

"Ni za kwetu," nikasema, na nikajisikia fahari. Fahari, kwa mdomo ule ule.

Mama alipika mbegu zake mwaka ule wa njaa akiwa hana jingine. Mimi nilikuwa na mshahara wa siku mfukoni na duka hatua ishirini kutoka mlangoni. Nilizila kwa sababu zilikuwa karibu.

Desemba hosteli iliisha, wanafunzi wakafunga, kazi ikakauka. Wakati wa kuhama kibuyu kiliniponyoka kikapasuka, na zilizobaki, kama theluthi ya zile za mwanzo, nikazifunga kwenye leso. Ningeweza kuteremka siku hiyo. Badala yake nikaenda Majengo, mjini Meru, kwa sababu mtu aliniambia kuna mchinjaji anayeweza kuutazama mguu wa ng'ombe aliyekwisha kuchunwa akakuambia alilishwa wapi, milimani au chini kwenye joto. Nilitaka kujua anaona nini. Alinipa kazi ya kupasua mifupa. Alikuwa mpole, mwenye Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu sote, na siku moja aliniuliza kwetu ni wapi.

"Mbeere."

"Mama yuko hai?"

"Yuko."

"Huenda lini?"

"Niko njiani."

Akaweka kisu chini akanitazama, kisha akatazama mlango, kisha akanitazama tena.

"Ndugu yangu, mimi ninakuona umesimama."

Katika miezi hiyo simu za mama zilibadilika, na nadhani ndicho kilichoniumiza zaidi. Novemba aliuliza kunde. Mapema Desemba aliuliza lini, bila kutaja kunde. Baadaye aliniambia majirani wameanza kula majani. Halafu akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nimeng'oa magugu kwenye kile kipande, yasije yakaficha nyoka." Nikamwona akiwa ameinama chini ya mgunga, anapalilia shamba lisilo na kitu. Baada ya hapo hakuuliza tena.

Jana yake ile, siku moja kabla sijatoka Majengo, alipiga saa za jioni. Tulizungumza habari za mbuzi. Tulizungumza habari za joto. Kisha akasema:

"Unakula vizuri lakini?"

Nilikuwa nimenyamaza kidogo kwa sababu mdomo wangu ulikuwa umejaa. Lile bakuli mapajani lilikuwa la kunde. Zake. Nilimeza kwanza, ndipo nikajibu.

"Ninakula vizuri, mama."

"Basi ni sawa."

"Niko njiani."

"Sawa, baba," akasema, kwa upole wa mtu anayemwitikia mgonjwa.

Baada ya kukata simu nilifungua leso nikazimwaga zilizobaki juu ya kitanda. Nilichagua mpaka giza likaingia, safari hii kwa haki, nikishika moja moja kuelekea dirishani. Nzima zilitosha kiganja kimoja.

Kwa hiyo asubuhi nikakanyaga ule uwanja uliofagiwa, nikafika steji, na gari la kwanza lililokuwa na mlango wazi lilikuwa la Embu. Nikapanda. Sikupanda kwa uamuzi. Kama lingekuwa la Isiolo, naogopa kusema ningepanda hilo.

Embu nilishuka saa nne. Kutoka pale kuna gari za kushuka kwetu muda wowote. Mimi nikaenda kutembea. Nilipita ofisi za serikali, nikasimama karibu na mzee mmoja mwenye meza chini ya mwavuli anayewajazia watu fomu. Nilitaka kuona anavyofanya. Mtu anakuja amekunja uso, mzee anamuuliza jina, jina la baba, anaandika, na yule mtu anaondoka na uso umefunguka. Fomu yenyewe ilikuwa haina maneno magumu. Niliisoma ikiwa imepinduka, kutoka upande wangu, na nikaielewa yote. Nikagundua kwamba wale watu walikuwa wanajua kusoma. Walichokuwa wanatafuta ni mtu wa kuwaanzia.

Niliporudi steji ilikuwa saa saba. Upande mmoja waliita Nairobi, upande mwingine wakaita Kiritiri. Nairobi kuna mambo mengi sijayaona. Nilikaa kwenye kibanda cha chai katikati yao, na nikaifungua leso kuzitazama, kama mtu anavyotazama saa.

Mama wa chai aliinama. "Hizo nikupikie?"

"Hapana. Ni mbegu."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu Septemba kulitamka hilo neno mbele ya mtu aliyetaka kuzipika.

"Mbegu Januari? Na hili jua? Utanyunyizia nini, machozi?"

Watu wawili waliokuwa wakinywa chai wakacheka. Nami nilicheka.

"Zikipandwa, zinachukua muda gani mpaka zikauke kwenye maganda?" nikauliza. Nilikuwa nimekua kwenye shamba la hizo kunde na sikuwa nimewahi kuhesabu.

"Za huko chini kwenye joto? Miezi miwili na kitu. Kama zina maji."

Nilihesabu kwa vidole juu ya meza. Januari katikati. Februari. Machi. Mvua ndefu kwetu huanza mwisho wa Machi, au Aprili ikichelewa. Kiganja kimoja, kikipandwa leo na kumwagiliwa kila siku, kingeweza kuwa sufuria nzima ya mbegu kabla udongo haujalowa. Kikipandwa wiki ijayo, hakiwezi. Kwangu hesabu ya namna hiyo haijawahi kuwa na nguvu yoyote. Lakini nilikuwa nimeshika kile kilichobaki, na hakikuwa na sehemu ya pili ya kupoteza.

Kitu kimoja kilinizuia kwenda moja kwa moja nyumbani, na si aibu peke yake. Januari mama huchota maji mtoni, kwenda na kurudi ni asubuhi nzima. Maji ya kumwagilia kunde hayapo. Ningefika na kiganja changu ningempa kazi ya kukitazama kikifa.

Nilipanda gari la Kiritiri nikakaa dirishani. Nilikuwa natafuta maji. Njia hiyo nimepita mara nyingi maishani bila kuangalia kushoto. Kabla ya kufika kwetu kuna kituo kidogo, maduka kama kumi na kanisa la mabati, ambapo sijawahi kushuka hata kununua soda. Nikaona mitungi ya njano imepangwa foleni mbele ya bomba, na nyuma yake tangi juu ya nguzo. Nikagonga dari, dereva akasimama.

Pale bombani alikaa mama mnene mwenye kofia ya jua, ndiye anayefungua na kufunga. Watu walisema nyumba za kupanga nyuma ya maduka ni zake.

"Shikamoo, mama. Hii maji ni ya kisima?"

"Ni ya kuchimba. Haikauki. Uko na mtungi?"

"Natafuta chumba."

Alinipima kuanzia viatu. "Wewe ni mwalimu?"

"Hapana."

"Daktari wa ng'ombe?"

"Hapana, mama. Nafanya kazi za mkono."

"Bibi?"

"Sina."

"Kwa hivyo utakuwa unafanya nini ndani ya chumba yangu?"

"Nataka kupanda kunde nyuma yake."

Wanawake wa foleni waligeuka wote. Mwenye bomba alifunga maji kabisa ili asikie vizuri.

"Kunde ya wapi?"

Nikafungua leso. Aliingiza kidole, akazigeuza, na uso wake ukabadilika.

"Hizi niliziona wapi... Hizi zilikuwa za nyanya yangu. Umetoa wapi?"

"Kwa mama mkubwa. Zilikuwa nyingi."

"Zikaenda wapi?"

"Nilizila."

Mmoja kwenye foleni akasema, "Angalau amesema," na wengine wakaguna. Mwenye bomba alinionyesha kipande nyuma ya nyumba, urefu wa kitanda mara tatu, mahali ambapo wapangaji humwaga maji ya kufua.

"Hapo hakuna mtu amelima. Lakini jua linashuka. Lala, upande kesho."

Neno hilo, kesho, nimelipenda maisha yangu yote. Lilinijia kama kiti.

"Niazime jembe, mama," nikasema.

Kabla ya kulima nilimpigia mama. Nilisimama karibu na ukuta, jembe mkononi.

"Mama, sitakuambia niko njiani."

"Kwani umefika?"

"Niko kwenye kile kituo chenye bomba. Mama, zile kunde nilizila. Nilizila kidogo kidogo. Hata jana ulipopiga simu nilikuwa nazila."

Nilisikia kuku kwake. Nilisikia anasogeza kitu, labda kigoda. Nilingoja.

"Zilikuwa tamu?" akauliza.

"Tamu."

"Majani je, hukupanda hata ukaona majani?"

"Hapana."

"Kama ni tamu basi ni zenyewe." Kisha sauti yake ikapungua. "Mimi niliacha shamba wazi msimu mzima. Watu wakipita wananiuliza, nawaambia kuna mtu anakuja."

Nilisema ndiyo.

"Zimebaki?"

"Kiganja."

"Chako au changu?"

"Changu."

"Usije nazo huku. Huku hakuna maji. Kaa hapo." Kisha akaongeza, "Na ukiziacha siku moja bila maji, usinipigie."

"As—" nikaanza, na nikajizuia mwenyewe.

Nililima. Udongo ulikuwa mgumu juu na laini chini, mweusi kwa sabuni ya miaka. Nilichimba mashimo, nikatia mbili mbili, nikafukia kwa vidole. Sijui kama nilichofanya ni kazi au ni tabia yangu ile ile imevaa nguo za shamba: nimekaa tena karibu na nyumbani bila kufika, na sababu nzuri mkononi. Siwezi kuapa. Mwenye bomba alisimama mlangoni akinitazama nikibeba ndoo ya kwanza, mpaka nikamaliza ya pili.

Ndipo akanipeleka kuona chumba. Kilikuwa na kitanda cha mbao, kamba ya nguo, na jikoni pembeni pa kuni, pamekuwa peusi kwa moshi wa aliyenitangulia. Nilitazama juu ya jiko. Kulikuwa na ndoano.

"Unakaa siku ngapi?" akauliza. "Watu kama nyinyi husema mtaona."

Kweli, ndivyo nilivyozoea kusema kila mahali nilipopanga.

"Mpaka zikauke," nikamwambia, nikaingia nikaweka mfuko chini.